Mbuzi Ndio Wanaohesabiwa

Koti lilifika Louisville ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, limekunjwa vizuri kama nguo ya mtoto mchanga. Mamdogo Feza alilileta kutoka Buffalo baada ya maziko ya bibi yangu, Koko, akaliweka juu ya kitanda changu, kisha akaenda jikoni kumsaidia Mama kuosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. Ni koti la zambarau, zito, lenye vifungo vikubwa kama biskuti. Nilipoufungua mfuko, harufu ilitoka kabla sijaligusa: dawa ya kuchua viungo, moshi kidogo wa samaki, na chini kabisa, mahali ambapo pua huanza kubuni mambo, mdalasini na sukari iliyoungua. Najua haiwezekani. Koti lile limefuliwa mara nyingi mno tangu siku ile. Lakini niliingiza uso ndani yake, nikawa tena msichana wa darasa la tatu, nawahesabu watu wetu.

Ninyi wenzangu mliokua katika nyumba ambazo simu huwekwa katikati ya meza kama sahani ya ugali, kila mtu akiinama kuchota sauti, hamhitaji maelezo mengi. Kwetu ilikuwa kila Jumapili baada ya kanisa. Louisville tulikuwa sisi: Papa, Mama, mimi na mdogo wangu Baraka. Columbus alikuwepo Tonton Safari, kaka yake Mama, ambaye hakuwa na mke wala subira. Buffalo, katika nyumba ya mbao ya West Side ambayo ngazi zake zililia kuliko watoto wake, walikuwepo Koko, mama yake Mama, na binti yake wa mwisho, Mamdogo Feza. Koko ndiye aliyefungua mazungumzo, na sikuzote aliyafungua kwa namna moja. Aliita. "Furaha?" Mama aliitika. "Safari?" Tonton aliitika, kinywani mna chakula. "Ziki?" "Eeh, Koko," niliitika mimi. "Baraka?" Alipokuwa ameitikiwa na wote ndipo aliposema, "Bon," na Jumapili ikaanza. Sauti za miji mitatu zilikutana juu ya kitambaa chetu cha meza, zikakatizana, zikacheka, zikakohoa. Kisha simu ilizimwa, na meza ikabaki meza tu.

Sikuwahi kuuliza kwa nini tulitawanyika hivyo. Nilidhani najua.

Katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa tulilovuka kutoka Kongo, kulikuwa na siku ya kuhesabiwa. Nilikuwa mdogo sana, kwa hiyo kumbukumbu yangu ni vipande: waya, vumbi, mgongo wa Mama, bwana mmoja aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, na kidole changu kikichovywa katika wino ambao haukutoka hata kwa sabuni. Kila familia ilisimama pamoja. Aliyekuwepo alihesabiwa. Asiyekuwepo hakuwa tena wa familia ile. Na Koko hakuwepo. Hilo nililijua kwa kuwasikia wakubwa wakilitaja kwa sauti ya chini, kwamba siku ile Koko alitoka kwenye mstari, akaenda zake, na Mamdogo akamkimbilia. Nikaviunga vile vipande kwa akili yangu mwenyewe, nikapata ramani ya Marekani ambayo haikuwa ukutani darasani. Louisville ni mji wa watu waliohesabiwa pamoja. Columbus ni mji wa watu waliohesabiwa peke yao, kama Tonton. Na Buffalo, kule juu kwenye theluji isiyojua kuchoka, ndiko wanakopelekwa watu ambao hawakuhesabiwa.

Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nina ramani.

Basi jioni moja Papa alirudi kutoka ghalani na uso wa mtu mwenye habari. Alifanya kazi katika moja ya yale maghala makubwa ya Okolona, ya kufunga mizigo na kuipanga, na msimu wa Krismasi tulimwona kama unavyoonekana mwezi mchanga: kwa kuchungulia, na kwa muda mfupi. Hakuvua hata buti.

"Bon," alisema, akiwa bado mlangoni, "kazini batafanya fête ya Noeli. Na si pale mu chumba ya kulia. Ni mu parc! Ile ya michezo, karibu na Columbus. Iko na mafarasi ya kuzunguka, iko na mataa mingi. Na kila mutu anakuja na famille yake."

Baraka, ambaye siku zile hakusema Kiswahili isipokuwa akiwa na njaa, aliruka juu ya kochi akauliza kwa Kiingereza kama kwenye sherehe hiyo kuna ile treni inayopinduka kichwa chini. Mama aligeuka kutoka jikoni, mwiko mkononi, na macho yake yakawa tayari yamekwenda mbali.

"Fête," alisema. "Donc tutavaa nini?"

"Makoti," alisema Papa. "Ni ya inje."

"Fête ya Noeli, tuvae makoti? Kama batu benye kungojea basi?"

Walicheka. Papa akakaa, akaanza kufungua kamba za buti, na alisema jambo lililofuata bila kuinua kichwa, kama mtu anavyosema jambo dogo: "Shefu ya kazi aliniuliza, muko bangapi mu famille. Nikamuambia tuko bane."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nakumbuka ubaridi wake ulivyopanda mkononi. Lilikuwa swali lile lile, la yule bwana mwenye mifuko mingi, limetufuata kuvuka bahari, limejificha ndani ya ghala la Okolona, na sasa limemkamata baba yangu akiwa amechoka. Wanne. Alikuwa amemwacha Koko nje kwa mara ya pili. Nilijaribu kufikiri ni wapi wangempeleka safari hii. Darasani nilikuwa nimeitazama ile ramani ya kweli, ya ukutani: juu ya Buffalo hapakuwa na mji mwingine wetu. Palikuwa na maji, na ng'ambo ya maji palikuwa na nchi nyingine.

"Papa," nilisema, "kesho urudi useme batano."

"Batano? Wa tano ni nani?"

"Koko."

Mama alikuwa anakoroga. Mwiko ukasimama.

"Koko iko Buffalo, Ziki," Papa alisema kwa upole.

"Njo maana."

Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba sicheki, naye akaacha. Alikuna kidevu. "Shefu hana mambo. Alisema hata mutu akiwa na bandugu, balete. Shida si shefu." Akamtupia Mama jicho. "Shida ni…" Hapo akanyamaza, kwa sababu kwa desturi ya kwao na kwetu mwanamume halitaji jina la mama mkwe wake, wala hazungumzi habari zake ovyo. Papa hakula mbele ya Koko. Kwenye simu, Koko akimsalimu, Papa alisimama. Ndiyo, alisimama wima sebuleni kwetu Louisville, mikono mbele, macho chini, akiinamia simu iliyokuwa mezani, na Baraka alianguka kwa kicheko kila Jumapili.

Jumapili iliyofuata, baada ya kuitwa na kuitikia, Mama alieleza habari ya fête. Alieleza vizuri, kwa mzunguko, kama anayemkaribisha mtu kiti kabla ya kumwomba kitu. Taa. Muziki. Watoto. Safari kutoka Buffalo kwa basi hadi Columbus, Tonton atawapokea. Upande wa pili hita ya nyumba ya West Side iligonga-gonga kama mgeni asiyejua mlango.

"Nani alialika?" Koko akauliza.

"Kazi ya Papa Ziki, Mama."

"Muzuri. Na bale benye kualika, baliuliza muko bangapi?"

Mama alimwangalia Papa. Papa aliangalia sakafu. "Baliuliza, Mama. Ni juu ya matikiti tu."

"Bon. Muende na Mungu. Miye siendi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari. "Batu habahesabiwake, Furaha. Mbuzi njo banahesabiwaka. Na mbuzi banahesabiwaka juu ya nini? Juu ya kuuzishwa, ao juu ya kuchinjwa."

"Ayii, Mama!" Tonton Safari alipiga kelele kutoka Columbus. "Ni mafarasi ya plastiki! Nani atakuchinja juu ya farasi ya plastiki?"

"Weye cheka. Hata kambini ulicheka."

Nilisikia Tonton akimeza.

Leo najua kwamba Koko hakulibuni jambo hilo. Kwao, mama akiulizwa ana watoto wangapi, hutabasamu na kusema, "Wapo," na mwenye adabu haulizi tena. Giza likitaka kuingia, ukitaka kujua kama wote wamerudi, husimami mlangoni na kunyoosha vidole kama mchungaji. Unaita. Kila mmoja anaitika. Mtoto wa mtu huitwa. Lakini wakati ule sikuliunganisha hilo na Jumapili zetu. Niliona tu bibi mkaidi akikataa kuokolewa.

Kilichonishangaza ni Mama. Nilidhani angekata tamaa. Badala yake aliitoa mashine ya kushonea kwenye kabati, akaiweka pale pale ambapo simu hukaa, akakunjua kitenge cha rangi ya buluu chenye ndege wa manjano ambacho Tonton alimletea kutoka duka la Wakongo la Columbus. Kwetu familia ikienda kwenye sherehe huvaa kitambaa kimoja, ili hata asiyewajua ajue nani ni wa nani. Mpango ulikua kila jioni. Kwanza nguo. Kisha chakula, maana hakuna mtu anayekwenda kwenye sherehe mikono mitupu: sombe ya majani ya muhogo, samaki, mikate ya kukaanga ndani ya taulo. Tonton akapiga simu kusema bustani ile hairuhusu chakula cha nje.

"Donc ni fête ya namna gani ile," Mama aliuliza, sindano ikiwa katikati ya midomo, "yenye mugeni anakatazwa kuleta chakula?"

"Ni Amerika, dada yangu. Sufuria itabakia mu motokari. Tutakula ku parking."

"Kama bezi."

"Kama bezi benye kushiba. Na ile kitenge, nani ataiona? Si iko chini ya koti?"

Mama alitafakari hilo siku nzima. Kesho yake aliifumua mishono yote, akaanza upya, akizipanua nguo ziweze kuvaliwa juu ya makoti. Papa alipojaribu yake alijaa mlango mzima. Baraka alisema kwa Kiingereza kwamba tunafanana na makochi. Mama akamwambia makochi angalau hukaa pamoja sebuleni.

Nilikuwa nikiokota vipande vya kitambaa chini ya meza nilipoona kipande kimoja kikubwa kimekunjwa pembeni, hakijashonwa.

"Hii ni ya nani, Mama?"

"Ya mutu."

"Mutu gani?"

Mama aliiendesha mashine kwa nguvu, ikaimba, na nilipouinua uso wangu niliona kwamba hakuwa ameweka kitambaa chochote chini ya sindano.

Hapo ndipo nilipoamua. Niliichukua simu ya Papa, nikaingia bafuni, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Mamdogo alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko North Buffalo, kwa hiyo nilijua Koko atapokea mwenyewe. Alipokea kama kawaida yake, kwa kupiga kelele ili sauti ifike.

"Nani?"

"Ni Ziki, Koko."

"Ziki! Nani mugonjwa?"

"Hakuna. Koko, ukikosa tena mara hii, batakupeleka wapi?"

"Banani?"

"Benye kuhesabu."

Hita iligonga. Nikaendelea haraka, kwa sababu nilihisi machozi yanakuja na nilitaka maneno yatangulie. "Kambini habakukuhesabu, njo bakakupeleka Buffalo. Sisi balituhesabu pamoja, bakatuleta huku. Sasa kama hauhesabiwe na ku fête, Koko, juu ya Buffalo hakuna tena. Niliangalia ku ramani ya masomo. Kuko maji tu."

Nilifikiri nimemkosea. Nilijiandaa kwa sauti ile ya kunikemea, ambayo aliitumia kwa nadra lakini ilikuwa na meno.

"Njo vile unajua," alisema mwishowe. Halikuwa swali.

"Ndiyo, Koko."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu zamani."

"Na unalalaka muzuri, mutoto wangu?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. "Kiloko," nilisema. Kidogo.

Alianza sentensi, akaiacha. Alianza nyingine. Nadhani alitaka kunieleza habari za ofisi, na safari za ndege, na jinsi watu wanavyopangiwa miji na watu wasiowajua, na akaona kwamba yote hayo, hata yangekuwa kweli, hayangemlaza mtoto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesimama kutoka kwenye kigoda na magoti yake hayataki: "Mwambie mama yako anikatie kitambaa."

"Alishakukatia."

"Aka! Na nilimuambia siendi!"

"Alikata tu."

Akacheka. Kicheko cha Koko kilikuwa kifupi na kikavu, kama kuni inayovunjika. "Bon. Nitakuja. Lakini sikia, Ziki: habatanihesabu. Bataniita."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na theluji iliamka kabla yetu. Tuliondoka Louisville sufuria ya sombe ikiwa miguuni pangu, imefungwa blanketi, ikinipasha joto kama mbwa. Baraka alilala. Papa aliendesha na vitambaa vya ndege wa manjano vikimbana kwenye usukani. Sehemu kubwa ya njia sikutazama nje. Nilitazama simu ya Mama, iliyokuwa mapajani pake. Basi la Buffalo lingefika Columbus mchana, Tonton angewachukua Koko na Mamdogo, tukutane kwenye maegesho ya bustani. Ndivyo ulivyokuwa mpango, nao ulikuwa mzuri, ila hakuna aliyeliambia ziwa. Ziwa la kule Buffalo hutema theluji likipenda, na siku ile lilipenda.

"Basi haiyafika," Tonton alisema kwenye simu tulipokuwa tumeshafika.

Baadaye: "Haiyafika."

Baadaye tena hakupiga.

Tulikaa ndani ya gari, injini ikinguruma, vioo vikiingia ukungu wa sombe. Upande wa pili wa uzio bustani iliwaka yote mara moja, taa nyekundu na za kijani zikapanda miti na paa na ile treni ya Baraka, na upepo ukaleta harufu ambayo sijawahi kuisahau, ya unga uliokaangwa, mdalasini, na sukari iliyoungua. Wafanyakazi wenzake Papa walipita na watoto wao wakitupungia mkono. Shefu mwenyewe alipita, amevaa kofia yenye pembe za paa, akagonga kioo, akatuonyesha lango kwa dole gumba: ingieni, ingieni. Papa alicheka naye, na kioo kilipofunikwa tena na ukungu akaacha kucheka.

"Tuingie," alisema. "Batatukuta ndani. Batoto banasikia baridi."

Baraka alikuwa ameshafungua mlango. Nami nilifanya jambo pekee nililoweza kulifanya: nilivuta mkanda wa kiti, ule niliokuwa nimeufungua zamani, nikaufunga tena, *tak*. Sauti ile ndogo iliwafanya wote wageuke.

"Ziki?"

"Miye sihesabiwe bila Koko."

Papa alifungua mdomo. Mama aliweka mkono juu ya mkono wake, pale kwenye gia, na sijui hata leo walisemezana nini kwa vidole. "Funga mulango, Baraka," Mama alisema. "Tungojee."

Gari la Tonton lilikuja na taa moja tu ya mbele, kama mtu anayekonyeza. Koko alitoka kinyumenyume, polepole, mguu mmoja ukiitafuta ardhi, na nilimfikia kabla mguu wa pili haujatua. Alifungua koti lile la zambarau, akaniingiza ndani, akalifunga. Kulikuwa na giza na joto na dawa ya kuchua. Nilipotoa kichwa juu, shingoni mwake, niliona ndani ya kola herufi kubwa za kalamu nyeusi ambazo Mamdogo aliziandika kwa sababu kanisani kwao makoti hutupwa rundo moja, na watu hurudi nyumbani na ya wenzao. NABINTU. Nililisoma mara mbili. Sisi tulimwita Koko, watoto wake walimwita Mama, Papa hakumwita kabisa. Sikuwahi kufikiri kwamba ana jina.

Mama alimvalisha kitambaa chake juu ya koti, akakifunga mgongoni. Ndege wa manjano wakatandaza mabawa. Hawakukumbatiana. Mama aliendelea tu kulivuta lile fundo, kulikaza, kulilegeza na kulikaza tena, hadi Koko akasema, "Furaha. Inatosha. Miye si gunia."

Langoni kulikuwa na msichana mrefu mwenye kofia ya sufi iliyoshonewa kengele. Mkononi alishika mhuri mdogo wenye umbo la chembe ya theluji, na kila aliyeingia aligongwa mgongoni mwa mkono. Wino. Niliuona kabla ya mwingine yeyote. Msichana alitabasamu, akamuuliza Papa, kwa Kiingereza, ninyi ni wangapi.

Papa aliijua idadi. Sote tuliijua. Alisimama pale, mikono mbele, macho kwenye buti zake, kama Jumapili kwenye simu.

"Anauliza nini?" Koko akasema.

"Anauliza tuko bangapi, Mama," Tonton alijibu, na safari hii hakucheka.

"Mwambie atayarishe kile kitu yake."

Akasogea mbele. Akaanza kuita, si kwa sauti kubwa, bali kwa ile sauti ya mlangoni, ya jioni.

"Furaha." Mama akanyoosha mkono. Msichana alisita, kisha akaelewa, akagonga. "Safari." Akagonga. "Feza." Akagonga. "Papa Ziki." Papa alinyoosha mkono wake mkubwa bila kuinua macho. "Ziki." Wino ulikuwa baridi. "Baraka." Baraka alitaka mikono yote miwili.

Nilidhani amemaliza.

"Mushagalusa," Koko akaita. Huyo alikuwa mumewe, aliyebaki nyumbani chini ya migomba. Msichana aliinua mhuri, akatafuta mkono. Hakukuwa na mkono. Mhuri ukabaki hewani. "Bahati." Huyo alikuwa mwanawe wa pili, ambaye njia ya kwenda ziwani haikumrudisha. Mhuri bado ulikuwa hewani, na theluji ilianza kuuangukia. "Sifa." Na huyo alikuwa dada yangu, aliyezaliwa kabla yangu na kuondoka kabla yangu, ambaye jina lake nililisikia tu nyuma ya milango iliyofungwa. Mama alishika mkono wa koti la Papa kwa ngumi. Nyuma yetu mstari ulikuwa mrefu, mtu mmoja akakohoa. Kengele za ile kofia hazikulia.

Koko alikuwa amemaliza. Mikono yake ilikuwa mifukoni. Na nilielewa, kwa ubaridi ule ule wa kijiko, kwamba amewaita wote, walio hai na walio mbali, na hakuna aliyemwita yeye. Mtu hajiiti mwenyewe. Papa hawezi. Watoto wake hawawezi. Na mtoto wa darasa la tatu kutaja jina la bibi yake mbele ya watu ni utovu wa adabu wa kupigwa kofi.

"Na Nabintu," nilisema.

Tonton alivuta pumzi kwa meno. Baraka alinitazama kana kwamba nimevunja sahani. Koko aligeuka, akaniangalia, na sikuweza kuusoma uso wake kwa sababu ya taa. Kisha akautoa mkono mfukoni, akakunja ncha ya mkono wa koti la zambarau, akaunyoosha mkono wake. Msichana aliugonga taratibu, kama anayegusa yai. Koko aliupuliza ule wino kama uji wa moto.

Msichana aliuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini. Papa akalitafsiri, macho yake yakiwa ardhini.

"Anauliza kama njo bote."

Koko alitazama nyuma, kule kwenye maegesho, mahali ambapo theluji ilikuwa ikiyafuta magari moja baada ya jingine.

"Bado," alisema. Akafungua koti, akanirudisha ndani. "Lakini tuingie."